Valvu Nane Zinazong'aa

Ninayoyaandika hapa ni kweli tupu, na kama naongopa, meno yangu sita yaliyobaki yang'oke leo. Ndani ya basi, kiti cha mbele yangu, mama mmoja alifungua boksi lenye valvu nane za gari la zamani. Jirani yake, fundi mwenye kucha nyeusi kwa grisi, akaomba kuziona.

"Mdogo wangu kazinunua kwa mstaafu mmoja," mama akasema. "Aliapa ni mpya, hazijawahi kuingia kwenye injini. Baba yetu haoni tena, kaka. Anataka tu kulisikia gari lake likinguruma."

Fundi akapitisha ukucha kwenye shina la valvu moja, taratibu. "Gusa hapa, dada. Pamelika, pana kingo. Hii imepanda na kushuka miaka mingi. Ukiifunga, injini itavuta oili, na mzee atasikia kikohozi tu."

"Lakini zinang'aa!"

"Kuna mhuni kazipiga msasa."

Hapo uvumilivu ukanishinda. Mtu ana heshima yake. "Msasa?" nikadakia. "Nilitumia kitambaa na mafuta, siku mbili nzima!"

Mama akageuka polepole. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba," nikajibu, kwa sauti ya kuku mwenye mafua.

Mpya za kweli ninazo seti moja tu, nilizolitunzia gari langu mwenyewe. Basi liliposimama tukashuka watatu kuelekea kwangu kuzichukua, na fundi akasema atazipitishia ukucha zote nane.