Tumbusi wa Duka la Vifungo

Kwenye tramu ya mji wetu wa Chemnitz, mzee aliyekaa mbele yangu alikuwa amepakata kengele ya mlango iliyofungwa kwenye gazeti. Mama wa kando yake, asiyemjua, akamuuliza ni ya nini.

"Ya duka langu la vifungo. Nimelifunga leo. Pleite, mama! Tumbusi kashatua." Kwetu mtu akifilisika, husemwa kwamba Pleitegeier, yaani tumbusi wa Pleite, wa kufilisika, ametua juu ya paa lake.

"Tumbusi gani, mzee wangu? Neno ni la Wayahudi wa hapa, wa zamani. Pleite kwao ni kuponyoka. Anayefilisika anaponyoka, anakwenda zake. Huyo mwendaji wakimwita *geier*, na sisi tukasikia Geier la kwetu, tumbusi." Alieleza kwa furaha ya mtu asiye na duka.

"Yaani mwaka mzima nimekosa usingizi kwa ndege aliyezaliwa na masikio mabovu?"

"Ndiyo hivyo."

"Haya, niponyoke. Kwa magoti haya, niende wapi?"

"Aa, mimi nasema asili ya neno tu."

"Sawa. Na hao wenye neno, waliponyoka?"

Mama akageukia dirisha. Mjini kwetu, walikokamatwa Wayahudi wakapelekwa kuuawa, swali hilo hunyamazisha tramu nzima.

Tukafika mwisho wa njia. Mzee alipoinuka, kengele ikalia ndani ya gazeti. "Karibu," akasema kwa mazoea ya dukani, huku sote tukishuka.