Mikono Aliyoishona Mzee Zéphirin

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Alhamisi iliyopita hapa Lubumbashi tulimzika Mzee Zéphirin Mbuyamba. Alikuwa na miaka tisini na moja. Kazi yake ilikuwa mikono. Mikono ya watu, iliyokatika na kupondeka kwenye migodi na reli.

Wazazi wake walitoka Kasai. Yeye alizaliwa hapa, mji ukiitwa bado Élisabethville. Mwaka 1960 alikuwa msaidizi wa daktari mpasuaji, na alijifunza kuunganisha kano, zile kamba nyeupe zinazokunja vidole. Alifanya mazoezi nyumbani. Binti yake, Mama Simone, anatuambia:

"Mama alikuwa anamuletea miguu ya kuku. Baba anakata kamba, anashona, anavuta aone kama kidole inatembea. Kisha mama anapika. Tulikula masomo yake!"

Aliyeketi naye mezani alikuwa Donat Mumba. Rafiki yake, mwenzake wa kazi, na parrain wa Simone kanisani, yaani baba yake wa ubatizo. Zéphirin ndiye aliyemfundisha kushona kano. Donat ndiye aliyeandika daftari la upasuaji, kila siku, miaka mitatu.

Julai 1961 ilikuja barua. Nafasi moja ya kwenda Ubelgiji, miaka miwili, kusomea upasuaji wa mkono. Nafasi moja tu. Jina lilikuwa la Zéphirin. La pili, la akiba kama yeye hataenda, lilikuwa la Donat.

Wasikilizaji wapendwa, Katanga ilikuwa imejitenga na Kongo. Mwezi wa nane, watu wa Kasai, walioshukiwa kuipinga, walianza kukamatwa. Wanajandarme, askari wa Katanga, walimchukua Zéphirin wakati anakula. Wakamwonyesha karatasi: eti anaficha bunduki chini ya kitanda.

"Baba hakusoma hata maneno," anasema Mama Simone. "Aliona tu ile Z ya jina yake, na mukia murefu. Akajua ule mwandiko. Iko ya Donat."

Siku tisa ndani. Alipotoka, nyumba ilikuwa imeporwa hata milango. Akamshika mkewe, Mama Delphine, na Simone mdogo mgongoni, wakakimbilia kambi ya wakimbizi iliyolindwa na askari wa Umoja wa Mataifa. Mwezi wa kumi Donat akapanda ndege kwenda Ubelgiji. Hakuja kuaga.

Humo kambini, chini ya turubai, Zéphirin alishona vidole vinne vya mama mmoja, Mado, vilivyokatwa na panga. Mado aliishi kwa cherehani mpaka uzeeni.

Mwisho wa 1963 Donat akarudi na diploma. Akawa mkuu wa chumba cha upasuaji. Zéphirin akarudishwa kazini, chini yake.

Siku moja kijana wa Kinsevere aliletwa, kiganja kimefunguka. Donat akakwama katikati ya upasuaji. Akamwita Zéphirin kama zamani: "Compère, kuya unisaidie."

Zéphirin akaja. Wakafanya kazi saa tano, bega kwa bega. Mkono ukaokolewa. Walipovua glavu, Donat akanyoosha mkono wake.

"Mukono ya mugonjwa nilishika," Zéphirin akasema. "Ya kwako, hapana."

Tulimuuliza Mama Simone kama baba yake alisamehe.

"Alikuwa tayari. Kila Pasaka alisema, labda mwaka huu Donat atakuya kusema, nisamehe. Nyumba zao zilitengana barabara mbili tu, miaka makumi mbili na saba. Donat alikuwa ananitumia zawadi, mimi mutoto wake wa ubatizo. Lakini ile neno, hakusema. Alikufa nayo."

Mzee Zéphirin hakupata diploma hata moja. Alifundisha wauguzi kumi na mmoja, na wengine wao walibeba jeneza lake.

Kwa Mama Simone, kwa wajukuu, kwa jamaa yote: poleni sana. Mungu awafute machozi.

Na wewe unayetusikiliza, kama kuna mtu uliyemwandikia karatasi kama ile ya Donat, na bado yuko hai, zima redio hii. Vaa viatu. Nenda kwake.