Dada Yetu wa Studio ya Uani

Ndugu, jamaa na majirani mliotufikia, familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya dada yetu, nami nimeipokea kwa shingo upande, si kwa sababu ya huzuni peke yake, bali kwa sababu kuna mahali katika historia hii ambapo mimi msomaji sitaweza kuwatazama usoni.

Dada yetu, ambaye wengi mlimwita Sikio, alizaliwa tarehe 9 Aprili 1957, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya gereji ya mabasi, akiwa mtoto wa pili wa karani wa ghala na mshonaji wa nguo, na mimi ndiye niliyemfuata. Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1964 hadi 1970, akaendelea na sekondari hadi 1974, kisha akaingia chuo cha ufundi kusomea mitambo ya redio, msichana mmoja kati ya wanafunzi thelathini na mmoja, akahitimu Novemba 1977.

Tarehe 3 Januari 1978 aliajiriwa na kituo cha redio kama fundi mitambo, akakaa huko miaka kumi na moja na nusu, na kazi yake mojawapo ilikuwa kukata nyimbo kwa wembe ili zitoshe kabla ya matangazo ya biashara, kazi aliyoifanya vizuri na kuichukia, kwani vile vipande vya utepe alivyoambiwa avitupe alivileta nyumbani ndani ya pochi.

Tarehe 17 Desemba 1983 alifunga ndoa na shemeji yetu fundi seremala, aliye hapa mbele yenu, na Mungu akawajalia watoto wawili, binti aliyezaliwa 1985, ambaye ni muuguzi, na kijana aliyezaliwa 1988, ambaye ni fundi umeme.

Tarehe 30 Juni 1989 aliacha kazi, na Septemba 2 mwaka huohuo akafungua studio yake katika banda la uani, ambalo shemeji alilipigilia magodoro na trei za mayai ukutani, akatengeneza na kiti cha mwimbaji, kiti ambacho kililia kila kilipokaliwa, hata wasikilizaji wa kanda ya kwanza wakaandika barua kuuliza kile ni chombo gani cha muziki. Mwimbaji alikaa pembeni yake wakati wa kuchanganya sauti, wimbo wa dakika tisa ulibaki wa dakika tisa, mkataba ulikuwa ukurasa mmoja tu, na baada ya miaka miwili wimbo ulirudi kwa mwenyewe. Kanda zilitoka mia tatu kwa mara moja, na zikiisha, watu walisubiri, na kuhusu kutangaza kanda zake dada alikuwa mkaidi, hakutaka kabisa, tusifiche.

Mimi wakati huo nilikuwa ghorofa ya sita, katika kampuni kubwa ya muziki, nikiwa mtafuta vipaji tangu 1991. Kwetu wimbo uliamuliwa na watu wanane katika kikao cha Jumanne, wengi wao wakiwa hawajawahi kumwona mwimbaji, ulitakiwa uwe wa dakika tatu, na ukishatiwa sahihi, sauti ilikuwa mali ya kampuni, iitoe au isiitoe. Lakini tulikuwa na magari, mabango na vituo vyote vya redio, na nilijivuna, na marafiki walipouliza habari za dada yangu nilisema anauza kanda uani, tukacheka.

Mwaka 1993 dada alimrekodi mkunga wa zahanati ya jirani, mwanamke aliyewaimbia kina mama wakiwa katika uchungu, na wale walioisikia sauti ile wanajua ninachosema. Wakubwa wangu waliisikia pia. Ningependa kusoma hapa kwamba nilitumwa, lakini sikutumwa, nilijitolea. Machi 21, 1995, nilimfuata mkunga nyumbani kwake, nikamwambia kwa dada yangu atasikika mtaa mmoja, kwetu atasikika kila mahali. Akashika kalamu, akaniuliza, "Dada yako anajua?"

Nikamjibu, "Anajua. Yeye ndiye aliyenituma."

Akatia sahihi mkataba wa miaka saba, kwamba asirekodi wala kuimba hadharani bila idhini yetu. Tukarekodi nyimbo kumi, kisha kikao cha Jumanne kikaona mwimbaji ana umri mkubwa na nyimbo hazitafaa redioni, mikono ikanyooshwa, na wangu ukiwemo, kanda zikafungiwa katika kabati la chuma, nami mwezi uliofuata nikapandishwa cheo.

Agosti 8, 1996, dada alikuja ofisini kuomba tumwachie mkunga aimbe. Alikaa mapokezi kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa nane mchana, kwa kuwa nilimwagiza katibu wangu amwambie nimesafiri, nami nikatokea ngazi za nyuma. Katibu alinieleza kesho yake kwamba mgeni hakugomba, aliinuka tu, akasema, "Mwambie nimemsikia akicheka."

Mwaka 2001 dada na mkunga walikutana zahanati, na mkunga akampita bila salamu, akamwambia, "Si ulinikabidhi mwenyewe?" Hapo ndipo dada alipojua uongo wangu. Angeweza kunitaja palepale, lakini mama yetu alikuwa hai na alijisifia kila mahali mwanawe wa ghorofani, kwa hiyo dada alinyamaza, akanipigia simu, akasema neno moja, "Kamwambie." Nikasema nitakwenda. Sikwenda. Mkataba ulipoisha mwaka 2002, mkunga alikuwa ameshafanyiwa upasuaji wa koo, na sauti ile haikurudi, na kampuni ilipouzwa hakuna aliyejua kabati lilipelekwa wapi, wala mimi sikuuliza.

Dada alianza kuugua figo mwaka 2019, akatibiwa bila kuacha studio, hadi Januari mwaka huu wa 2023 alipolazwa. Februari 9 nilikaa naye wodini nikizungumza habari za joto, akanikatisha, akauliza, "Mkunga ulishamwambia?" Nikamjibu kwamba nimemwambia. Akafumba macho, akasema afadhali. Alifariki Februari 11, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na mitano.

Siku ya pili nilikwenda kwa mkunga, nikamweleza yote. Alinisikiliza amesimama mlangoni, hakunikaribisha, na sauti yake sasa ni ya kukwaruza, ilinibidi nisogee ili nimsikie. Alisema, "Miaka ishirini na minane sikumpa mkono. Uliyoniambia mimi peke yangu, kayaseme mbele za watu." Nimeyasema. Yuko safu ya pili, karibu na shemeji, na ameomba jambo moja, kwamba leo mtu yeyote asimwombe aimbe.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, majirani mliotuletea viti na kupika tangu siku ya kwanza, na waimbaji wa studio ya uani mliobeba jeneza, ambao kila mmoja wenu anamiliki nyimbo zake mwenyewe.

Dada yangu, wewe pumzika kwa amani. Mimi bado nina ya kujibu.