Mama Wawili na Chumba Kisicho na Mlango

Dada yetu tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 9 Juni 1957, mtoto wa tatu wa fundi saa na mkunga. Alimaliza shule ya msingi mwaka 1971, kisha akasomea ushonaji kwa miaka miwili. Kwenye cheti chake mwalimu aliandika kwamba anashona vizuri ila anabisha.

Mwaka 1975 alifungua duka karibu na kituo cha basi, akashona sare za shule kwa miaka thelathini na minane. Tarehe 2 Desemba 1978 alifunga ndoa na shemeji yetu seremala, wakajaliwa watoto wanne.

Kwa hiyo jina la Mama Wawili, ambalo kanisa zima lilimwita, halikutokana na idadi ya watoto. Alipokabidhiwa shule ya Jumapili mwaka 1996, alipiga marufuku mtu mzima kubaki peke yake na mtoto. Lazima wawe watu wazima wawili, basi. Chumba cha nyuma ya kanisa alimwambia mumewe aking'oe mlango, nao ukaenda dukani ukawa meza ya kukatia vitambaa.

Mimi mdogo wake, ninayesoma haya, nilikuwa nafundisha gitaa. Niliomba kubaki na mtoto mmoja mwenye kipaji baada ya ibada. Akanikatalia mbele ya kamati nzima.

"Dada, si unanijua tangu nanyonya?"

"Nakujua sana. Lakini nikikuruhusu wewe, kesho nitamkatalia nani?"

Nilinuna miaka mitatu. Hata sare za wanangu nikapeleka kwa fundi mwingine, zikapwaya.

Mwaka 2003 alikuja mwalimu wa kujitolea, mcheshi, watoto wakampenda. Akaleta orodha ya watoto aliotaka kuwafundisha mmoja mmoja, faragha. Dada akamwambia, "Hata mdogo wangu wa damu nilimkatalia." Yule bwana hakurudi tena. Miezi minne baadaye tukasikia amekamatwa kwa kumdhuru mtoto wa kanisa jingine.

Jina la kwanza kwenye orodha yake lilikuwa la binti yangu.

Nilikwenda dukani, nikaegemea ule mlango nikalia kwa aibu. Hakunisimanga. Alisema tu, "Haya, lete hizo sare nizipunguze."

Aliugua figo tangu Agosti 2021. Mwalimu mmoja alipowapeleka watoto hospitalini kumwona, marehemu alifumbua macho, akahesabu, akauliza kwa shida, "Mwenzako yuko wapi?" Ikabidi muuguzi aingie asimame nao. Alifariki tarehe 17 Februari 2023, saa moja asubuhi.

Ameacha mume, watoto wanne, wajukuu saba na mimi mdogo wake. Binti yangu sasa anafundisha shule ya Jumapili, yeye na mwenzake.

Pumzika kwa amani, dada. Kile chumba hatutakitia mlango.