Kitanda cha Dirishani

Ndani ya basi, fundi cherehani aliyekaa upande wa njia alikuwa amefumba macho, lakini masikio hayana kope. Pembeni yake alikaa nesi wa hospitali ya magonjwa ya akili, na dirishani mama mmoja mwenye sweta la kiume mapajani.

"Wagonjwa hawakupigi, mwanangu?" mama alimuuliza nesi.

"Mara mojamoja. Wengi huuliza tu leo ni siku gani."

"Mungu atuepushie. Ukoo wetu mzima hatuna ugonjwa huo."

"Heri yenu, mama."

Basi likapita vituo viwili. "Na yule wa kitanda cha dirishani," mama akasema polepole, "siku hizi anakula?"

Fundi akafumbua jicho moja. Kumbe ukoo usio na ugonjwa unavijua vitanda vya wodi!

"Habari za mgonjwa sitoi njiani," nesi alisema. "Lakini kuona wagonjwa ni saa tisa. Tushuke wote."

"Watu wataniona."

"Na yeye, nani anamwona?"

Basi likasimama getini. Fundi akainuka kuwapisha wote wawili. Nesi akapita. Fundi akabaki amesimama, akimsubiri mama.