Marehemu Penitala na Kitufe Alichokiogopa

"Tovuti ya Fatuloto haitalala hata siku moja mkono huu ukiwa hai." Ndivyo marehemu Penitala Sefuiva alivyowaambia machifu mwaka 2011, na chifu mmoja akamjibu kwamba hata jogoo hulala.

Alizaliwa tarehe 9 Aprili 1968 hapa Fatuloto, kisiwani Savai'i, mtoto wa tano wa mzee Sefuiva na Bi Taligalu. Alisoma shule ya kijiji, kisha Apia, alikohitimu ukarani mwaka 1988. Mpwa wake wa kike Lagimaina, aliyeiacha stashahada yake nusu, alikumbushwa mwaka huo kila mlo.

Marehemu alikuwa karani wa gati miaka ishirini na mitatu. Alipochoka kuulizwa feri inaondoka lini, akajifunza kutengeneza tovuti: ratiba za feri, habari za misiba kwa ndugu walioko Auckland, na zaidi ya yote tahadhari za dhoruba.

Mwaka 1994 alimwoa Bi Fuatino, ambaye husema mumewe alikuwa na wake wawili, na yule mdogo alikula umeme.

Tarehe 14 Februari 2022, jioni, alikuwa na tahadhari ya dhoruba mkononi tayari kuiweka, mtambo wa tovuti ukadai kusasishwa. Akaona afagie nyumba kwanza ndipo mgeni aingie. Akabonyeza kitufe cha kusasisha. Papo hapo baragumu la kombe likalia, saa ya sala, na saa ya sala Fatuloto mtu haonekani njiani. Akakimbilia nyumbani kuomba. Aliporudi ofisini, ukurasa ulikuwa mweupe kama shuka. Wavuvi nao walikuwa wameutazama, wakasema hakuna tangazo, basi hakuna dhoruba.

"Mjomba, nakala ya zamani umeihifadhi wapi?" Lagimaina aliuliza.

"Hapa." Akagusa kipaji cha uso.

Alikimbia pwani miguu mitupu. Mashua moja aliiwahi. Ya pili, ya shemeji yake Sooalo, ilikuwa imeshavuka mwamba. Ilirudi kesho yake mchana, watu wanne wazima, injini hakuna. Marehemu aliujenga ukurasa upya, na tangu siku hiyo hakusasisha tena. Aliandika matangazo yake akikipita kile kitufe kama mtu anavyompita mbwa mkali aliyelala.

Machi 2024 figo zilianza kumsumbua. Mtambo nao ukachakaa, wezi wa mtandao wakaanza kuuingia. Jumapili moja tangazo la kamari likakaa juu ya ratiba ya ibada. Wodini marehemu hakuuliza habari za damu yake, aliuliza ukurasa umefunguka au la. Siku ya mwisho alimpa Lagimaina neno la siri.

"Ukiuacha mtambo huu, wezi watauchukua. Ukiugusa, huenda ukazimika. Mimi niliogopa, mama. Wewe ogopa, lakini hifadhi nakala."

Alifariki tarehe 3 Oktoba 2025, saa tisa alasiri.

Ameacha mjane, Bi Fuatino, watoto watatu, wajukuu saba, shemeji Sooalo, na mpwa mmoja asiyepata usingizi. Msimu wa dhoruba unaanza Novemba. Lagimaina amehifadhi nakala mara mbili. Atabonyeza Jumatatu saa tatu asubuhi.

Mungu ampe Penitala pumziko lisilodai neno la siri.

Wenye mashua, Jumatatu sikilizeni redio. Betri zipo dukani kwa Sooalo, mbili kwa tala sita.