Loyce Obedi Ntiruka na Lori Lililorudi Tupu

Ndugu zetu wa Nyakitonto, wageni mliotoka Kasulu, Kibondo na kambini, viongozi wa dini na wa serikali, familia ya Mzee Obedi Ntiruka inawaomba mkae vizuri kivulini, kwa sababu historia hii ya marehemu Loyce si fupi, na mwenyewe hakupenda mtu aruke mambo. Inasomwa na mdogo wake, Josephina, kwa niaba ya familia yote.

Loyce alizaliwa tarehe 9 Juni 1974 katika kijiji hiki, akiwa mtoto wa pili wa Mzee Obedi, ambaye yuko hapa mbele yetu, na Mama Esteri, ambaye alitutangulia mwaka 2022. Mama alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyu alichelewa kutembea lakini aliwahi kuuliza, na aliuliza mambo ambayo wakubwa hawakuwa wameyafikiria, kama vile chumvi ya Uvinza iliyouzwa gulioni ilibebwa na nani, ililala wapi njiani, na kwa nini haikulowa. Baba alimjibu mara ya kwanza kwa urefu, mara ya pili akamwambia, "Ego, ndiyo mwanangu, ilikuja tu," na mara ya tatu akamtuma maji. Alipokuwa na miaka minane alipotea tangu asubuhi, kijiji kizima kikamtafuta, hadi mfanyabiashara wa chumvi alipomrudisha jioni kwa baiskeli, akiwa na vumbi mpaka kwenye kope, na alipoulizwa alikokuwa akajibu kwamba alitaka kuona chumvi inapolala.

Alisoma Shule ya Msingi hapa kijijini kuanzia mwaka 1982 hadi 1988, kisha akajiunga na sekondari mjini Kasulu, akamaliza kidato cha nne mwaka 1992 kwa matokeo ya wastani, isipokuwa jiografia, ambayo aliipasua kabisa. Mwaka 1996 aliajiriwa kuwa karani wa stoo katika kambi ya wakimbizi ya Mtabila, na huko ndiko alikokutana na mwalimu wa hisabati aliyekuwa amepangiwa kazi Kasulu akitokea Bukoba, Mwalimu Longinus, ambaye siku hiyo alikuja na wanafunzi wake kusaidia kushusha madaftari, akakuta dada mmoja amepanda juu ya lori anamuuliza dereva maswali huku mzigo ukisubiri. Walifunga ndoa takatifu tarehe 12 Julai 1997, na Mungu akawajalia watoto wawili, Careen, aliyezaliwa tarehe 21 Februari 2000, na Bazilio, aliyezaliwa tarehe 4 Oktoba 2004.

Mtabila ilipofungwa mwaka 2012, Loyce alibaki bila kazi, akamfuata mumewe aliyekuwa amehamishiwa Kibondo, akawa anafanya biashara ndogo ya sabuni na vitenge katika mnada wa Mabamba, mpakani na Burundi. Hakupata faida kubwa, kwa sababu muda mwingi aliutumia kuwauliza wenzake bidhaa zao zimepita njia gani. Mwaka 2015, wakimbizi walipoanza kuvuka tena kwa wingi, shirika moja la misaada lilimchukua kuwa mtunza stoo katika kambi ya Nyarugusu, mumewe akaomba uhamisho, familia ikarudi Kasulu.

Sasa tunafika kwenye mwaka 2019, na hapa tunaomba tukae kidogo, maana wengi wenu mlimfahamu Loyce baada ya mwaka huo. Mwanzoni mwa mwaka shirika lilitangaza kwamba kila msimamizi wa stoo kubwa lazima awe na cheti cha kitaaluma cha ugavi na usafirishaji, na asiye nacho atapisha wengine. Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa kwenda Dar es Salaam kusoma miaka miwili, jambo ambalo Loyce hakuliweza, kwa sababu Mama Esteri alikuwa amepooza upande mmoja na alikuwa anauguzwa nyumbani kwa Loyce. Ya pili ilikuwa kwa wale wenye uzoefu wa muda mrefu, ambao waliruhusiwa kufanya mtihani moja kwa moja bila kukaa darasani, lakini mara moja tu, na anayeshindwa anaanza darasani kama mtu mpya. Loyce alichagua njia ya pili. Mumewe alimuuliza kama amefikiri vizuri, akajibu, "Kazi nikiikosa nitauza sabuni. Lakini hivi vitabu vimeandika nini kuhusu kazi niliyoifanya maisha yangu yote? Hicho ndicho kinachonisumbua."

Mwaka huohuo Careen alikuwa anajiandaa na mtihani wa kidato cha sita, na kila alipokuwa likizo mama na mtoto walisoma kwenye meza moja, huku Mama Esteri akiwa amelala karibu anawasikiliza na kuwakemea wote wawili walipoanza kucheka. Mwalimu Longinus alijitolea kumfundisha mkewe hesabu za kujua mzigo uagizwe kiasi gani na lini, lakini kwa kuwa alizoea darasa, alimfundisha akiwa amesimama, na chaki mkononi.

"Rudia hatua ya pili," alimwambia siku moja.

"Mwalimu, mimi si kidato cha pili. Mimi ni mke wako."

"Hatua ya pili haijali ndoa," alijibu Mwalimu, na siku hiyo alijipakulia chakula mwenyewe.

Aliyeokoa jahazi alikuwa Bwana Polycarpe, mkimbizi kutoka Kongo na msaidizi wake stooni Nyarugusu, ambaye zamani alifanya kazi katika bandari ya Kalemie. Yeye alikuwa amejifunza mambo hayo kwa Kifaransa, Loyce alikuwa na vitabu vya Kiingereza, nao wote wawili wakakutana katika Kiswahili. Bwana Polycarpe alimwambia kwa Kiswahili cha Kongo, "Mama Careen, kazi uko naijua zamani, sasa tuko natafuta majina yake tu." Wakati wa chakula cha mchana walikaa juu ya vichanja vya mbao, mmoja anasoma, mwingine anauliza.

Lakini si kila kitu kilikuwa majina tu. Katika kitabu kimoja Loyce alisoma kwamba magunia yasiegemezwe ukutani, kwa sababu ukuta hupitisha unyevu, na kwamba yaachiwe nafasi ya mtu kupita. Alisema "Kumbe!" kwa sauti ambayo watu walidhani ameumwa na nyoka, na kesho yake asubuhi akawaamuru vijana wasogeze stoo nzima. Walinung'unika, "Mama, mbona yamekaa hivi miaka yote?" Akawajibu, "Ndiyo, na miaka yote tumekuwa tunatupa ya ukutani bila kujua kwa nini." Wapo wanaoona haya wakigundua wamekosea, dada yetu alipogundua amekosea alifurahi kama mtu aliyeletewa zawadi, akawasimulia hata wasiohusika.

Mtihani ulifanyika jijini Mwanza mwezi Mei 2019, wa maandishi siku ya kwanza, wa ana kwa ana siku ya pili. Wa maandishi ulikwenda vizuri, na hatua ya pili ya Mwalimu ilitokea kama ilivyo. Siku ya pili aliingia chumbani akakuta watahini watatu, na aliyekuwa katikati ni mama mmoja wa Tanga aliyeitwa Bi Shadia, ambaye kwanza alimsifu kwa maelezo yake ya namna mzigo unavyotoka Isaka, unavyopita Nyakanazi na Kibondo, mpaka unavyoingia stooni Nyarugusu, halafu akamuuliza, "Sawa. Lori likishashusha, linarudi na nini?"

"Linarudi tupu."

"Una hakika?"

"Hapana," alisema. "Sina hakika. Sijawahi kuuliza."

"Miaka yote hiyo?"

"Miaka yote hiyo. Mzigo ukiingia mimi nafunga mlango, geuza yake, ile safari ya kurudi, siioni." Kisha, kwa namna ambayo sote tunaijua, akasahau alikokuwa, akaegemea mbele na kusema, "Kwani linapaswa kurudi na nini?"

Mtahini mmoja alicheka. Bi Shadia hakucheka, alimwambia, "Mama, humu ndani tunauliza sisi. Ukifaulu, nenda kalijue jibu. Usipofaulu, nenda kalijue vilevile."

Safari nzima ya kurudi kutoka Mwanza hakulala, na si kwa hofu ya kufeli. Alimwambia Mwalimu kwamba amejiona kama mtu aliyekaa nyumba moja maisha yake yote, halafu leo ndiyo anaambiwa kuna chumba ambacho hajawahi kukifungua. Majibu yalitoka mwezi Julai, karibu sawa na ya Careen, na wote wawili walifaulu, ila mama alama za ana kwa ana zilikuwa za chini kiasi kwamba Careen alizicheka hadi Mama Esteri akampiga kwa mkono wake mzima.

Cheti kilimwachia kazi yake, na pengine mtu mwingine angeishia hapo. Loyce alianza kusimama getini. Kila lori lililomaliza kushusha alilisimamisha na kumuuliza dereva anarudi na nini, mpaka madereva wakadhani ni mpelelezi. Dereva mmoja, Hilali, ambaye yuko nasi hapa leo, alimjibu, "Tunarudi na upepo, mama. Huko kwenu mzigo uko wapi?" Naye akabaki amesimama barabarani, kwa sababu alijua mzigo uko wapi. Ulikuwa hapa. Yalikuwa maharage na mahindi ya Nyakitonto, ambayo kila msimu yaliwasubiri madalali, kwa kuwa hakuna mkulima aliyeweza kukodi lori kutoka mbali lije tupu kuyachukua.

Aliwauliza wakubwa wake lori likishatoka getini ni la nani, na hakuna aliyejua, wakaulizana wao kwa wao kwa miezi kadhaa, mwisho jibu likaja kwamba ni la mwenyewe, si la shirika. Akawauliza wenye malori kama watakubali mzigo wa wakulima, wakasema watakubali endapo utasainiwa na mtu mwenye taaluma anayetambulika, naye akatoa cheti chake. Waliokuwa wagumu zaidi walikuwa ninyi, ndugu zetu, na mlikuwa na sababu, kwani aliwahi kuja mtu hapa akapakia maharage yenu na hamkumwona tena. Katika mkutano uliofanyika hapa shuleni, mzee mmoja alisimama akasema, "Binti, cheti hakiliwi." Loyce alimjibu, "Ni kweli, baba. Ndiyo maana nitapanda lori hilohilo na maharage yenu." Mzee Obedi alikuwa wa kwanza kutoa magunia yake.

Mzigo wa kwanza, mwezi Februari 2020, ulikwenda vibaya. Lori la Hilali liliharibika kabla ya Nyakanazi, mvua ikanyesha, turubai likavuja, na sehemu ya maharage ikafika Isaka imeanza kuota. Loyce alikuwa kwenye lori, kama alivyoahidi. Aliporudi aliwakusanya watu kabla ya kuoga, akawaambia ni magunia ya nani yameharibika, na akawaonyesha kipande cha turubai alichokikata ili wakione kilivyotoboka. Ilimuuma sana, mumewe anasema alikaa siku kadhaa bila kula vizuri, lakini hata katika uchungu huo alikuwa anageuza kile kipande mkononi, anataka kujua kimetobolewa na nini. Msimu uliofuata maturubai yalikaguliwa moja baada ya jingine, maharage yakafika makavu, na toka hapo malori hayajaacha kupakia Nyakitonto, mpaka juzi, siku ya msiba, madereva walipokuja wakapaki kando ya barabara wasipakie chochote.

Afya ya dada yetu ilianza kuyumba mwishoni mwa mwaka 2023, akapata shinikizo la damu, na baadaye ikagundulika kwamba moyo umepanuka. Alitibiwa Kasulu, akapelekwa Mwanza, akarudi akiwa na nafuu, akaendelea na kazi mpaka miguu ilipovimba. Tarehe 2 Agosti 2025 alilazwa tena, akawekewa oksijeni, na daktari alipomkaribia akidhani anataka kusema jambo la maumivu, alimsikia akiuliza kwa shida, "Hii mitungi mnaijazia wapi?" Daktari alivuta kiti akamweleza yote, inakojazwa, inavyosafirishwa, nani anaipokea, na Loyce alisikiliza mpaka mwisho, akaitikia kwa kichwa, akasema, "Kumbe." Mwalimu Longinus alikuwa ameshika mkono wake. Alifariki dunia tarehe 11 Agosti 2025, asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na mmoja, ameacha mume, watoto wawili, baba na ndugu.

Familia inawashukuru kwa dhati madaktari na wauguzi waliomhudumia, na hasa kwa subira yao ya kujibu. Tunawashukuru wafanyakazi wenzake wa Nyarugusu, Bwana Polycarpe na jamaa zake waliotembea na maua kutoka kambini, madereva wote, majirani wa Kasulu waliopika na kulala nasi chini, wakulima wa Nyakitonto, na Bi Shadia, ambaye Careen alimpigia simu, naye ametuma salamu akisema kwamba katika watahiniwa wake wote, huyu ndiye pekee aliyempigia simu baadaye kumletea jibu.

Tulipokuwa tunaandika historia hii, kila tuliyemuuliza alitueleza jambo ambalo hatukulijua, hata Baba, hata Mwalimu. Kwa hiyo tunaomba, baada ya mazishi msiondoke kimya. Anayejua kitu chake ambacho hakimo humu, aje akae nasi, atusimulie, tunataka kujua.

Loyce, binti wa Obedi, mama Careen, dada yetu, pumzika kwa amani.